Mtandao Uliomkimbia Mama Nyongeza

Kuna wanaokasirika kwa mdomo na kuna wanaokasirika kwa pua. Mama Nyongeza alikuwa wa pua. Kitu kikimtia kinyaa hakupiga kelele. Aliikunja pua upande wa kushoto, akavuta pumzi fupi na kuitoa taratibu, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mchuzi wa juzi. Wiki ile nzima pua yake haikukunjuka.

Jina hilo alipewa na wafanyabiashara wenzake, na hakulikataa. Hakuwahi kutoka duka la mtu na kile alicholipia peke yake. Akinunua misumari, lazima apewe na gundi. Akinunua vitanda, lazima aondoke na kimeza cha pembeni. Alizoea kusema kwamba bei ni ya muuzaji, lakini nyongeza ni yake. Alianza maisha kwa kufagia vyumba vya nyumba ya wageni. Viti vikivunjika miguu mwenye nyumba alivitupa uani, naye akaomba avichukue kama nyongeza ya mshahara. Jumapili akivitia miguu mipya, Jumatatu akiviuza. Miaka ishirini na mbili baadaye alikuwa na uga wake mwenyewe, umeezekwa mabati, umejaa samani za mtumba kutoka ukutani mpaka getini, na hakuna aliyeweza kusema alimshika mkono.

Sasa uga huo ulikuwa hatarini, na aliyeuhatarisha hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya mapajani.

Hoteli na ofisi zinazofungwa siku hizi haziuzi vitu getini. Vyote hupitia mnada mmoja wa mtandaoni, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Mnunuzi husajiliwa kwa jina lake na kompyuta yake moja; simu haikubaliwi, na kubadilisha kompyuta huchukua majuma matatu. Ukishinda, unapewa dakika tano za kubonyeza neno “Thibitisha.” Usipobonyeza, mali inakwenda kwa aliyekufuata, na wewe unapewa onyo. Onyo la pili, jina linafutwa kwa miaka miwili.

Jumamosi iliyotangulia, Mama Nyongeza alishindania viti sitini vya mbao ngumu. Alikaa mezani sebuleni, picha za viti amezifungua upande mmoja wa kioo na dau upande wa pili. Akashinda. Jina lake likatokea kwa rangi ya kijani. Alipopeleka mkono kuthibitisha, vile viupinde vya waifai pembeni mwa kioo vikafifia kimoja kimoja, halafu vyote vikazimika. Alizima, akawasha, akaita mumewe, akaapa. Mtandao ulirudi dakika ya saba, ukamletea barua ya onyo.

Viti vilikwenda kwa Kijicho.

Kijicho naye alikuwa mwuza samani, wa mtaa wa pili, na jicho lake moja lilikuwa dogo kwa sababu ya kuchungulia bei za watu maisha yake yote. Ndivyo watu walivyosema. Jumatatu asubuhi alisimama ugani kwa Mama Nyongeza, njiti ya kiberiti mdomoni, akijifanya amepita tu.

“Dada yangu,” alisema, “nasikia mtandao wako una kwikwi.”

“Umesikia kwa nani?”

“Viti vyenyewe vimeniambia. Sitini, vimekaa kwangu vinakuulizia.” Akaitoa njiti, akaitazama ncha iliyotafunika, akairudisha. “Nikuuzie thelathini? Kwa bei ya kindugu.”

Bei ya kindugu aliyoitaja ilikuwa mara mbili ya ile aliyonunulia. Mama Nyongeza aliitazama ile njiti iliyolowa mate ikihama kutoka kona moja ya mdomo kwenda nyingine, akamwambia kaka yake huyo kwamba ndugu wa namna hiyo huzikwa na manispaa. Kijicho akacheka. Alipokuwa akitoka alimkumbusha, kwa upole wa mtu anayekanyaga kidole cha mwenzake, kwamba Jumamosi inayokuja kuna vitanda themanini vya bweni la chuo, na kwamba mtu mwenye onyo moja ni heri apumzike.

Hapo ndipo hesabu ilipokaa wazi. Shule mbili zilikuwa zimeshamwahidi kununua vitanda. Asiposhiriki mnada, atavinunua kwa Kijicho. Akishiriki, akashinda, na mtandao ukakata tena, jina litafutwa, na kwa miaka miwili atanunua kila kitu kwa Kijicho, mpaka misumari. Siku zilikuwa tano.

Alianza na ruta, kile kijisanduku kinachorusha waifai ndani ya nyumba. Mumewe alikuwa mtunza bohari mstaafu, mtu asiyeamini kitu kisichofungiwa. Chumvi ya nyumba ile ilikuwa na kufuli. Ruta ilipoletwa aliivika mfuko wa nailoni isiingie vumbi, akaisimamisha ndani ya kabati la vyombo nyuma ya sinia za chuma, akafunga, akaning’iniza ufunguo shingoni. Mama Nyongeza hakuwa ameiona ruta yake tangu siku ile.

“Fungua,” alimwambia.

“Kuna nini humo? Mali ipo salama.”

“Baba, fungua.”

Alifungua. Sinia zilipoondolewa kilitoka kwanza kijoto, kisha harufu, harufu tamu ya kuoza inayokaa kooni. Mzee akashika ule mfuko wa nailoni akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa unatembea. Mende walikuwa wamejaa ndani yake kama maharage kwenye gunia: wakubwa wa kahawia, wadogo weupe waliojivua ngozi juzi, na vifuko vya mayai vimebandikwa kwenye matundu ya hewa vimepangana. Ruta ni kitu chenye joto usiku na mchana; mzee alikuwa amewajengea mende hoteli, akawawekea mlinzi.

Mama Nyongeza alikuwa amefagia vyumba vya wageni miaka sita, ameona mambo, lakini hilo lilimpanda mpaka kwenye meno. Alichukua mfuko kwa vidole viwili, akaubeba mkono umenyooshwa mbele, mende wawili wakimkimbilia kiwikoni, akautupa kwenye ndoo ya maji ya moto baada ya kuichomoa ruta. Kisha aliifungua ruta kwa bisibisi na kuisugua kwa mswaki wa zamani wa mumewe, ambaye aliuliza kwa unyonge kama huo mswaki kweli ni wa zamani.

Ruta ikapandishwa juu ya kabati, uchi, peupe. Mtandao kwenye simu ukawa mkali kuliko siku zote. Mama Nyongeza akanawa mikono mara tatu, akaketi mezani kwake, akafungua kompyuta na picha za vitanda, na kabla hajamaliza kitanda cha nne viupinde vikazimika.

Jumanne alikuja shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye watu wote wa nyumbani waliambiwa wamwite Injinia, ingawa hakuna aliyewahi kuona kitu alichokitengeneza kikitengemaa. Hakuitwa, alinusa tatizo kama paka anavyonusa samaki. Aliketi kwenye kiti cha Mama Nyongeza bila kuambiwa karibu, akaomba chai, akamega mkate juu ya vitufe vya kompyuta.

“Shemeji, hii imejaa takataka za ndani,” alisema. “Nipe saa moja.”

Alichukua saa nne. Katika muda huo alikula mkate mzima, na makombo yake yakadondoka kati ya vitufe. Akawaza kwa kuchokoa sikio na kifuniko cha kalamu. Akikitoa anakikagua, kisha anaendelea kuandika kwa mkono uleule. Mama Nyongeza alisimama nyuma yake akiona kila kitu, amekunja mikono kifuani, akihesabu vitufe atakavyovisafisha kwa spiriti. Injinia aliweka programu ya kuongeza kasi. Programu ikaleta nyingine ya kufuta virusi, hiyo ikaleta matangazo ya dawa za kukuza nywele, na kompyuta ikaanza kupumua kama mbwa mzee. Mtandao haukukata saa ile, kwa sababu ulikuwa haujapata nafasi ya kuwaka.

Alipoulizwa, alisema tatizo ni waifai ya majirani inagongana na yao. Alipoulizwa tena, alisema ni hali ya hewa. Aliondoka amebeba nusu kilo ya sukari.

Ilimchukua Mama Nyongeza jioni nzima kuondoa kila alichoweka Injinia, kwa kufuata maelekezo ya mwanawe wa kike kwenye simu, kitu kimoja baada ya kingine. Binti akamwuliza swali la maana kidogo: simu yako ukiwa hapohapo mezani inakata? Haikati. Basi si ruta. Jaribu kurusha mtandao kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Akajaribu. Ukakata vilevile.

Hata hivyo Jumatano aliwapigia wenye mtandao, ili asije kujilaumu. Alisubiri akisikiliza kinanda kwa muda wa kuanika nguo na kuzianua. Sauti laini ilimwita mteja wetu mpendwa, ikamwambia azime ruta, ahesabu mpaka thelathini, awashe. Akafanya. Ikamwambia afanye tena. Mara ya tatu alimwuliza mpendwa mwenzake huyo kama kwao huhesabu mpaka thelathini mtu akizimia. Sauti ikasema upande wao kila kitu kiko sawa, ikamshukuru kwa subira yake. Alikata simu akahisi amepakwa mafuta yaliyooza.

Siku hiyohiyo liliongezeka jambo lingine la kuudhi. Alipotoka ugani saa nane alimkuta mumewe chumbani, amejilaza, kompyuta iko tumboni, anafuatilia mpira. Kipindi cha pili kilikuwa kinaisha.

“Imekata mara ngapi?” alimwuliza.

“Haijakata.”

“Hata mara moja?”

“Mimi naiheshimu,” alisema mzee bila kuondoa macho kwenye mpira. “Wewe unaikunjia uso. Kitu chochote kikikunjiwa uso kinakimbia.”

Alidhani labda ni chumba. Akahamisha ofisi yake yote: kompyuta, kipanya, diski anamohifadhi picha za mnada, kijisanduku cha kuchomekea vifaa hivyo kwenye kompyuta, kifeni kidogo, waya wa simu, akavitandaza kitandani kama anayeuza mitumba. Baada ya dakika sita mtandao ukakata. Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapandisha mabega. Usiku huo Mama Nyongeza alilala amempa mgongo.

Alhamisi akabeba kompyuta na chaja yake, akaenda kwa fundi. Huyu alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, kibanda chake kiko kwenye ujia kati ya duka la viatu na kinyozi, na sifa yake ilikuwa kwamba hakubali kazi asiyoijua. Aliifungua kompyuta mbele ya mwenyewe. Ndani ya feni mlikuwa na vumbi limeshikamana na nywele mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi, na katikati yake makombo ya mkate na mguu mmoja wa mende. Fundi alilitoa kwa kibanio, akaliweka juu ya karatasi.

“Mama, nyumbani kwenu mnaishi na hii kompyuta au mnaifuga?”

Mama Nyongeza alikunja pua, safari hii kwa aibu. Fundi akasafisha. Akakagua zile nyaya mbili nyembamba za antena, zote zimekaza. Akazima ule mpangilio unaoipunguzia waifai umeme ili kubana betri, maana wakati mwingine huo ndio mchawi. Kisha akaiunganisha na mtandao wa kibandani, akaiacha inacheza video tangu saa nne mpaka saa nane. Viupinde havikutikisika.

“Mgonjwa wako ni mzima,” alisema. “Huku amekaa siku nzima hajakohoa.”

“Nyumbani anakufa kila dakika sita, mwanangu.”

“Basi nyumbani kuna kitu. Ukipenda, Jumamosi njoo ufanyie mnada wako hapa.”

Mama Nyongeza aliutazama ujia. Watu walipita wakigusana mabega, na kila aliyepita alitupa jicho kwenye kioo chochote kilichokuwa wazi. Kinyozi alikuwa binamu yake Kijicho. Dau la mnunuzi likionekana kabla ya wakati ni sawa na kuvua nguo kabla ya kufika bafuni. Alishukuru, akalipa, akasahau hata kudai nyongeza, na hilo peke yake lingemwonyesha mtu yeyote kwamba mambo yamemzidi.

Alipofika nyumbani alipanga mezani kila kitu mahali pake, akafungua picha za vitanda. Dakika tano.

Ijumaa asubuhi hakuigusa. Alikwenda ugani na uchungu mdomoni, akamkuta mteja anarudisha kitanda. Kitanda kinalia, alisema mteja. Ukigeuka tu mtaa mzima unajua umegeuka. Mama Nyongeza akavua viatu, akapanda juu, akajitikisa. Kweli kililia.

Kazi ya kitanda kinacholia aliijua kuliko sala zake. Watu wengi hukaza kila skrubu kwa mkupuo, kelele inanyamaza wiki mbili inarudi, na hawajui ilitoka wapi. Yeye alikuwa na njia yake: legeza skrubu moja, tikisa, sikiliza, irudishe, nenda kwa ya pili. Kamwe si mbili kwa pamoja, na kamwe usiruke moja kwa sababu inaonekana mpya. Alipofika skrubu ya saba kitanda kikanyamaza. Ilikuwa mpya, inang’aa, aliitia mwenyewe mwezi uliopita. Nayo ilikuwa ndefu kuliko tundu lake, inasukuma mbao pembeni. Akaibadilisha.

Mteja alipoondoka na kitanda chake, yeye alibaki amekaa palepale kwenye ukingo wa godoro jingine, bisibisi mkononi, anaitazama ile skrubu mpya. Siku tano alikuwa amemsikiliza kila mtu: mzee, Injinia, yule mpendwa wa simu. Alidhani kompyuta ina elimu yake na kitanda kina yake. Akajiona mjinga.

Alirudi nyumbani adhuhuri, akafunga mlango wa sebule. Alichomoa waya wa simu, akafungua picha, akasubiri. Ukakata. Akaurudisha waya, akachomoa kifeni. Ukakata. Akarudisha kifeni, akachomoa kipanya. Ukakata. Akafika kwenye kijisanduku.

Mkono ukasita.

Kijisanduku hicho cha matundu manne, cheupe, chenye taa ya bluu, hakukinunua. Aliponunua kompyuta, majuma sita nyuma, yule muuzaji wa vifaa vya mtumba mwenye pete tatu aliapa hana nyongeza. Mama Nyongeza akasimama mlangoni pa duka nusu saa, akiwaambia wateja wanaoingia kwamba humu hawajui kuuza. Muuzaji akaingiza mkono chini ya meza, akamtupia kile kijisanduku. Alitoka nacho amekibana kwapani kama aliyeteka bendera, na tangu siku hiyo kilikaa ubavuni mwa kompyuta, kila kitu kimechomekwa kwake: kipanya, diski, feni, simu. Katika siku tano za kushuku ruta, mende, shemeji, majirani na anga, hakuwahi kukishuku hata kidogo. Kilikuwa cha bure.

Akakichomoa. Diski ya picha akaichomeka kwenye kompyuta yenyewe. Akafungua picha za vitanda, zote themanini, akazipitia moja moja. Dakika kumi. Dakika ishirini. Aliandaa chai akainywa, akaipitia orodha tena. Viupinde vilisimama kama askari.

Akakirudisha kijisanduku, akapeleka diski kwake. Dakika tano, giza. Akakichomoa: mwanga. Alifanya hivyo mara nne, maana mara moja ni bahati, mbili ni tuhuma, na yeye alitaka hukumu.

Akampigia fundi. Fundi alimsikiliza, akacheka kwa kujilaumu, kwa sababu hakuwa amemwuliza nini kingine huchomekwa kwenye kompyuta. Akaeleza: vijisanduku vya rahisi havifungwi vizuri ndani, na data ikipita kwa wingi hutoa kelele isiyosikika kwa sikio, lakini kelele hiyo iko kwenye mawimbi yaleyale ya waifai. Kikiwa ubavuni mwa antena, ni kama mtu anakupigia debe sikioni huku unajaribu kusikia anayekuita ng’ambo ya barabara. Ndiyo maana mtandao uliorushwa kutoka kwenye simu nao ulikata. Ndiyo maana baba hakukatiwa, alikuwa hahitaji diski. Na ndiyo maana ulikata kila alipofungua picha, yaani kila alipofanya kazi.

“Kwa hiyo kilikuwa kinasubiri nianze kutafuta riziki,” alisema Mama Nyongeza.

“Ndivyo, mama. Ulikipata wapi?”

Mama Nyongeza alisema mtandao unakata, akakata.

Alikaa akikitazama. Muuzaji mwenye pete tatu hakubishana hata neno moja alipokitoa, na yeye, mtu wa miaka ishirini na mbili sokoni, hakujiuliza. Anayekupa bila kubishana hajakupa, amekutupia. Kinyaa kilichompata hakikuwa kile cha mende. Cha mende huoshwa kwa maji ya moto. Hiki kilikaa kifuani, chini, pale alipokuwa akiweka ushindi wake. Alikichukua kijisanduku akakitupa kwenye pipa la taka, juu ya mende waliochemshwa. Baada ya saa moja alirudi pipani, akakiokota, akakifuta kwa kitambaa. Kizima bado, alijiambia. Kitafaa kwa kitu. Alipojisikia akisema hivyo alijichukia zaidi, lakini hakukirudisha.

Jumamosi saa nne kasorobo alimtoa mumewe sebuleni. Injinia alipopiga hodi aliambiwa na kaka yake, kupitia tundu la ufunguo, kwamba nyumba ina ugonjwa wa kuambukiza. Mezani palikuwa na kompyuta, diski, na daftari. Basi.

Zamu ya vitanda ilifika saa nne na nusu. Waliobaki kwenye dau walikuwa wawili, na yule wa pili hakuficha jina. Kijicho alipanda kwa vijihatua vidogo, akimvuta, akijua kwamba kadiri mnada unavyorefuka ndivyo mtandao wa mwenzake unavyopata nafasi ya kufa. Mama Nyongeza alimwacha arefushe. Alipitia picha huku na huku, kitanda kwa kitanda, akikagua fremu, kwa makusudi kabisa, kama anayerukaruka juu ya daraja ili kuonyesha kwamba ni zima. Kisha akapanda hatua moja kubwa na kunyamaza. Saa ikahesabu kurudi nyuma. Sifuri. Kijani. Dakika tano za kuthibitisha zikaanza.

Viupinde vilikuwa vitatu. Akabonyeza.

“Imethibitishwa,” kompyuta ikaandika.

Mumewe, kutoka korido, akauliza kama tayari anaweza kupata mpira wake.

Majuma mawili baadaye Kijicho alikuja ugani, njiti mdomoni. Naye alikuwa na mteja wa vitanda na hakuwa na vitanda. Walipatana bei kwa muda wa asubuhi nzima, kwa matusi ya heshima, na Mama Nyongeza hakumtajia bei ya kindugu. Walipomaliza Kijicho hakuondoka. Alizunguka akichungulia huku na huku kwa lile jicho dogo.

“Na nyongeza, dada?”

“Sina.”

“Wewe? Mama Nyongeza mzima?” Macho yake yakatua kwenye mguu wa kabati moja fupi, ambao chini yake palikuwa na kitu cheupe kimesukumwa kuziba pengo. Akainama. “Hiki si kile kidude cha kuchomekea vitu kwenye kompyuta? Kizima hiki. Unakifanya kabari?”

“Hicho kibovu, kaka,” alisema Mama Nyongeza. “Ukikichomeka kitakukatia mtandao. Mimi kilitaka kunifutia jina.”

Kijicho akainua uso, akatabasamu polepole. Miaka yote sokoni hajawahi kusikia mtu akisifu kitu asichotaka kukitoa.

“Kibovu,” alirudia. “Ndiyo maana umekificha chini ya kabati.”

“Nimekuambia ukweli.”

“Umeniambia. Nami nimesikia.”

Akalisukuma kabati kwa bega, akakichomoa kijisanduku, akakipuliza vumbi, akakifuta kwenye suruali na kukitia mfukoni pamoja na njiti zake za kiberiti. Alitoka getini amekibana mfuko kwa kiganja, kama mtu anayeogopa mwenye mali atabadili mawazo.

Kabati lilikuwa limeinamia upande. Mama Nyongeza akaenda kutafuta kipande cha boksi.